Mshumaa wa Kuoshea Uso

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi shuleni, lakini kesi yake kubwa ilisikilizwa jikoni kwetu Iyunga, likizo ya mwezi wa sita, mbele ya sufuria ya maji ya moto.

Dada yangu alikuwa na chunusi. Hazikuwa nyingi, ila mimi nikambatiza Kiazi, kwa sababu viazi vyetu vya Mbeya vina vijicho kila upande. Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka. Kumbe alikuwa anacheka meno tu. Zilipobaki wiki sita kabla ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, akanunua sokoni kikopo cha mkorogo kisicho na lebo, akajipaka ili chunusi ziishe. Ziliisha kweli, zikaondoka na ngozi. Uso ukawa mwekundu, ukachubuka, na baridi ikamalizia. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia aachane na mkorogo na sabuni za marashi. Akajaribu sabuni ya kipande, nayo ikamwasha vilevile. Basi akajifungia chumbani, akasema sendofu ifutwe, hawezi kukaa mbele za watu na uso ule.

Mama akaniuliza kwa upole ni nani alianzisha habari za viazi. Afadhali angenichapa.

Akaitwa bibi kutoka Iringa. Alishuka stendi na kidumu cha mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kijijini kwake, na bonge la nta ya nyuki, jeusi, limejaa miguu ya nyuki. Bibi huniita mume wake, ndio utani wetu tangu nizaliwe. Akaniambia enzi zao uchafu wa uso waliutoa kwa mafuta, na kwamba kazi ya kupika ni yangu, kwa kuwa mwenye kutia mtu doa ndiye wa kumfulia.

Nikayeyusha nta kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikachuja miguu ya nyuki kwa kitambaa. Kipimo nilikuwa nacho kichwani: bibi alisema mafuta vijiko sita kwa nta kijiko kimoja. Lakini mjomba yuko Makongolosi, kwenye migodi, na kwa simu alinishauri niweke nusu kwa nusu, maana kwake ukiweka nta kidogo yote inakuwa uji. Mimi nikaona mjomba ni mtu wa migodi, anajua vipimo kuliko kikongwe. Nilisahau kwamba Makongolosi kwa joto wanalala bila blanketi, na sisi kwa baridi tunalala na soksi.

Asubuhi nilipojaribu kuchota, kijiko kilipinda. Bibi akakigonga kile kipande mezani, kikalia ko, ko.

"Mume wangu," akasema, "nimekuomba cha kuoshea uso, umenipa mshumaa. Haya, tutaupeleka kanisani."

Nikayeyusha tena, nikaongeza mafuta mpaka kipimo cha bibi kikatimia. Safari hii kikaganda vizuri: kigumu koponi, ila ukikichota kwa kidole kinalainika kiganjani kama siagi. Unajisugua uso ukiwa mkavu, polepole, kisha unafuta kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu. Hakuna povu, hakuna kuwasha.

Dada hakukubali kukigusa. Bibi akaamua kijaribiwe kwanza kwenye uso wa aliyemcheka. Siku saba, asubuhi na jioni, nilijisugua mbele yao wote. Jumapili nilienda ibadani nang'aa, na wenzangu wa kwaya wakaniita Sambusa mpaka amina ya mwisho. Nilicheka nao. Nilicheka meno tu, na hapo ndipo nilipomwelewa dada.

Jioni hiyo nilimkuta amekaa jikoni, kopo liko mkononi. Nilitaka kuomba msamaha, maneno yakanikimbia, mimi mwenye maneno ya kuuza. Nikamchemshia maji tu, nikamkamulia kitambaa. Akajifuta, akangoja kuwashwa. Hakuwashwa. Tangu siku ile nikawa mchemsha maji wake, kila asubuhi kabla ya uji.

Madoa hayakwisha yote. Lakini ngozi ilifunga, wekundu ukatulia, na sendofu haikufutwa. Bibi alikaa mstari wa mbele akipiga vigelegele kana kwamba amelipwa. Kila nikimkumbuka na kile kidumu chake namshukuru Mungu, kwa kuwa bila yeye ningebaki na mzaha mmoja usiofutika.

Ulipofika wakati wa dada kulisha keki wanafamilia, alianza na baba, mama, bibi, kisha akasimama mbele yangu. Sikuweza kumtazama. Akaninyanyua kidevu kwa kidole kile kile cha kuchotea mafuta.

"Kiazi," akaninong'oneza, "fungua mdomo."

Nikafungua. Akanijaza kipande kikubwa kuliko cha baba, nikatafuna, machozi yananitoka.