Zekiye na Puto Lililotua Mizabibuni

"We Taylan! Miche sita uliyonivunjia mwaka jana hujalipa, na leo unaniletea tena hilo puto juu ya mizabibu?"

Aliyefoka ni Zekiye, jirani yangu hapa Göreme, Uturuki, mjane ambaye upepo humsukumia maputo ya kubeba watalii shambani kila msimu. Kapu la abiria lililoning'inia chini ya puto liligusa ardhi, likaburuzwa, likatulia. Rubani Taylan alikuwa bado anavuta kamba ya kutoa hewa moto, na mgeni mmoja akapitisha mguu nje ili ashuke.

Miaka ishirini ya kutuliwa na maputo imemfundisha Zekiye kwamba akishuka mmoja mapema, kapu huwa jepesi, likapaa na waliobaki. Akamsukuma yule bwana ndani. "Rudi humo, baba! Ukitoka wewe, wenzako wataenda mbinguni bila kuaga!" Kisha akalilalia kapu kwa kifua mpaka puto likanywea.

"Dada, umeokoa watu kumi na wawili," Taylan akasema.

"Nimeokoa mizabibu. Watu walikuwa juu yake."

Kesho yake Taylan alileta miche minane, akachimba mashimo mwenyewe. Zekiye akamrudishia miwili.

"Nilikudai sita, tumemalizana. Hiyo kampelekee mama yako."