Kometi Tuliyoipima Lac Vert

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipokaa juu ya jiwe la lava kule Lac Vert, kwenye ziwa dogo nje ya mji, nikilia na kucheka kwa pamoja, hadi mama wa rafiki yangu akadhani moshi wa mlima umenipanda kichwani. Nakusimulia kwa sababu leo umerudi umekasirika. Hesabu za mwenzako hazilingani na zako, na tayari umeanza kumwita muongo. Kaa kidogo. Chai ikipoa utainywa hivyo hivyo.

Tulikuwa wanafunzi wa fizikia, mimi na Bahati, kijana wa watu wa Masisi waliohamia Lac Vert, mpole hadi anakera. Mwaka huo nyota yenye mkia, ile wasomi wanaiita kometi, ilionekana mashariki kabla ya jua kuchomoza. Mwalimu wetu, Papa Kasereka, akatupa kazi ya kuchunguza vumbi lake.

Usicheke. Vumbi lile hatulishiki kwa mkono, ila mwanga wa jua ukiligonga unatuletea habari zake. Umewahi kuvaa ile miwani ya jua ya madereva wa pikipiki, ukalitazama ziwa? Mng'ao wa maji unapungua, na ukilaza kichwa upande, unarudi. Mwanga uliogonga maji au vumbi hutikisika zaidi upande mmoja, na kioo cha namna ile kinautambua. Sisi tulikiweka nyuma ya darubini, tukawa tunakizungusha na kusoma mwanga unapanda na kushuka kiasi gani. Ukipanda na kushuka sana, vumbi ni jingi. Ukibadilika kidogo tu, pale kuna gesi zaidi.

Darubini ilikuwa moja, tukapokezana. Mimi nilipima kwetu Katindo, mjini, Bahati akapima kwao Lac Vert, magharibi ya mji. Hesabu zangu zikasema vumbi ni jingi. Zake zikasema karibu hakuna. Kometi ni ile ile, kioo ni kile kile! Wakubwa wa kitivo wakaamua kwamba kijana alilala kitandani akajitungia namba, na kwamba atafukuzwa. Bahati aliapa kwamba aliamka kila asubuhi. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilimhurumia, nikaenda kumtetea kwa Papa Kasereka.

"Papa, mumusamehe Bahati," nikamwambia. "Alichoka tu."

Mzee alivua miwani yake, akanitazama hadi nikainama.

"Tumusamehe juu ya nini? Weye ulisha kufika fasi alipimia?"

"Hapana, Papa."

"Sasa unamuombea musamaha ya kosa gani? Beba darubini, uende usimame pale alisimama. Kisha utakuya kunieleza kama ule mutoto ni muongo."

Niliona aibu, kwa kuwa nilidhani natenda wema. Kumbe kwa kuomba msamaha nilikuwa nimeshamhukumu rafiki yangu kama wale wengine.

Nikaenda. Kometi ilikuwa inazidi kulikaribia jua, asubuhi za kuiona zilikuwa zinakwisha. Mama yake Bahati alinilaza pamoja na binti zake, na alfajiri nikapima pale pale uani alipopimia Bahati. Anga ilikuwa safi. Nikapata hesabu zile zile za Katindo, vumbi jingi. Bahati alikuwa amesimama kando yangu. Alizisoma, akaingia ndani, na chai hakuinywa. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja kumsaidia, nikawa nimemtafutia ushahidi wa kumfukuzia.

Nikabaki siku moja zaidi, kwa sababu tu sikujua nitarudi kumwambia nini Papa Kasereka.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa nimeinama kwenye darubini, nikamsikia mama akiita kutoka mlangoni: "Bahati, amuka! Moshi ya mulima inashuka huku. Ondosha bomba ku pipa, mvua isituharibie maji!"

Watu wa upande ule wanakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Upepo ukileta moshi wa volkano, mvua inageuka chachu, kwa hiyo wanaondoa bomba kabla haijanyesha. Sisi wa Katindo moshi ule tunauona kwa mbali ukielekea magharibi, basi. Nikainua macho. Anga ilikuwa imepauka kidogo tu, na kometi bado inaonekana. Ningekuwa kwetu, ningesema hakuna moshi.

Nikapima upya. Hesabu zikaporomoka hadi pale pale pa Bahati!

Nikaelekeza darubini pembeni, kwenye anga tupu. Moshi wenyewe ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa alfajiri, mwanga usioegemea upande wowote, ukijichanganya na ule wa kometi. Nikautoa kwenye hesabu, na vumbi likarudi lote. Nikapima kometi, nikapima anga, kometi tena, anga tena, mpaka kulipokucha. Bahati kila asubuhi alipima anga tupu mara moja tu, mwanzoni, kama tulivyofundishwa, kabla moshi haujafika, kwa hiyo mwanga wa moshi ulibaki ndani ya hesabu zake.

"Bahati," nikasema, "kumbe ulikuwa hapa!"

"Si nilibaambia?" akajibu, akakaa chini. Ndipo nikakaa kwenye lile jiwe. Sijawahi kupumua vizuri namna ile maishani mwangu, na moshi wote ule.

Papa Kasereka alizipeleka hesabu kwa wakubwa, Bahati akarudi darasani. Mpaka leo anafundisha fizikia katika mji wa Kiwanja, na bado ni mpole hadi anakera.

Basi, mwanangu, kabla hujamwita mwenzako muongo, nenda ukasimame alipopimia. Ukifika, usiwe na haraka ya kurudi. Ningeondoka asubuhi ile ya kwanza, Bahati angefukuzwa, nami ningetoa ushahidi kwa moyo safi kabisa, na ushahidi wenyewe usingekuwa wa haki. Maliza chai yako, uende kwake leo hii. Mungu akujalie macho mazuri na subira ya kuyatumia, na siku hesabu zako zitakapokataliwa, akuletee mtu wa kuja kusimama uliposimama wewe.