Nilivyoonja bia nyeusi Newala siku ya kukabidhiwa mikorosho ya marehemu mama

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Kingekuwa cha kutunga, ningejipa sehemu yenye heshima zaidi.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilimaliza form four, nikatoka kijijini kwetu Mkunya na begi moja, na tangu hapo nimekaa Songea, Tunduma, Kahama, Mwanza na miji mingine ambayo sikumbuki hata niliondoka kwa nini.

Tatizo langu ni kukumbuka. Nikiwa Kahama nalilia Tunduma, nikiwa Tunduma nalilia nyumbani. Nikifika nyumbani siku tatu, nauliza basi la Songea linaondoka saa ngapi.

Sasa, marehemu mama aliacha mikorosho kumi na minne pale Mkunya. Kwetu shamba la mama halitolewi na baba, linatolewa na mjomba. Na mjomba wangu, Mzee Hamisi, kaka yake mama, ni mtu wa msikitini, mtu wa neno moja.

Alinipigia simu akasema nije Alhamisi baada ya alasiri, mbele ya wazee wawili. Nikija nimekunywa, mikorosho inakwenda kwa Bakari.

Bakari ni mtoto wa mama mdogo. Hanywi, havuti, hacheki.

Nikaapa kwenye simu kwamba pombe nimeshaacha. Na sikudanganya, nilikuwa nimeacha tangu asubuhi.

Nililala Masasi, kesho yake nikapanda Newala, nikafika saa sita mchana. Alasiri bado iko mbali. Nyuma kidogo ya stendi nikaona kibao: BIA INAPIKWA HAPA HAPA.

Wakuu, sisi tuliolelewa juu ya hii milima tumebeba maji kutoka chini kabisa bondeni, ndoo kichwani, shingo ikiingia kifuani. Leo maji hayo hayo mtu anayapikia bia? Nikasema lazima niyaone kwa macho.

Mwenye baa anaitwa Mama Neema. Amefanya kazi mahotelini Dar miaka mingi, akarudi na masufuria makubwa yanayong'aa, ameyaweka nyuma ya kioo, pembeni ya magunia yenye alama ya bluu, ili mteja ayaone. Bia yenyewe ni nyeusi kama chai ya msibani. Anakuletea kwanza glasi ndogo kwenye kibao cha mbao, uonje. Kwenye ubao wa ukutani ameandika kwa chaki: kahawa, chokoleti, na moshi wa mbali.

Meza ya pili alikaa mwalimu mmoja mstaafu. Alionja, akatafuna hewa kidogo, akatoa hukumu.

"Mama Neema, huu ni ukoko wa ugali."

"Kwako ni ukoko, Mwalimu. Kwenye ubao ni chokoleti."

Mimi kama mtu niliyetembea nikaona niwafundishe. Nikazungusha glasi kama nilivyowaona wageni wa migodini kule Kahama, nikanusa, nikafumba jicho moja, nikasema, "Ina ukomavu." Sijui nilimaanisha nini. Lakini Mwalimu aliitikia kwa kichwa, na akaanza kuzungusha ya kwake.

Halafu nikanywa.

Hapo naomba mnivumilie kidogo. Chini ya ule uchungu kulikuwa na moshi. Siyo moshi wa mkaa. Ni ule moshi wa korosho zikichomwa kwenye pipa lililokatwa, ule unaotoa machozi na kuganda kwenye nguo. Nikamwona mama nyuma ya nyumba, kijiti mkononi, ananifokea nisisogee kwa sababu mafuta yanaruka.

Macho yakajaa. Mwalimu akanong'ona kwamba mgeni imeshamkamata.

Nikamuuliza Mama Neema moshi huo kaupata wapi. Akasema anatumia kimea cha mtama, na kuna mzee kijijini anamkaangia kwenye pipa la zamani la korosho. Jina lake hataji, mzee amemwapisha, maana ana nafasi yake msikitini.

Nilicheka mpaka nikagonga meza. Nikamwambia wazee wa siku hizi ni wanafiki sana.

Kosa langu, na hili ni kosa la sisi watu wa huku, ni kwamba nimekulia kwenye uraka. Uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, unakunywa bakuli baada ya bakuli, unaongea, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Bia ya Mama Neema haitaki hivyo. Niliagiza glasi kubwa tatu nikazishusha kwa mtindo wa uraka. Nilipoinuka, stendi ilikuwa imehama.

Nikatafuna majani ya mpera kama mbuzi, nikapanda bodaboda hadi Mkunya.

Nikawakuta wamekaa barazani: mjomba, wazee wawili, na Bakari amepiga pasi hadi soksi. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Mjomba akanishika mkono, akanivuta karibu, akanusa. Akanusa tena. Uso ukabadilika.

"Hii imeungua," akasema.

Mzee mmoja akauliza, "Kimeungua nini, Mzee Hamisi?"

Na mimi, nikiwa bado puani mwake, nikasikia harufu kwenye kanzu yake. Ni ile ile. Nikatazama vidole vyake, vyeusi kwenye kucha. Nikatazama pembeni ya nyumba: pipa la mama, na gunia lenye alama ya rangi ya bluu, kama magunia niliyoyaona kwa Mama Neema.

Mjomba akawaomba wazee radhi, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Umekunywa ngapi?"

"Nimeonja tu, mjomba."

"Mtu aliyeonja hanuki hivi. Umekunywa ile ya mwezi uliopita, iliyoungua upande mmoja nilipokwenda kuswali adhuhuri."

Nikamuuliza, na yeye je? Akajinyoosha.

"Mimi nakaanga mtama. Mtama si haramu."

"Basi na mimi nimekunywa mtama, mjomba."

Alinitazama, kisha akalitazama lile gunia. Nilidhani mikorosho imeshakwenda. Kumbe alikuwa anapiga hesabu nyingine kabisa.

Tuliporudi barazani aliwaambia wazee kwamba mpwa wake hanuki pombe, ananuka moshi wa kazi. Akasema yale magunia ambayo watu wamekuwa wakiyaona yakitoka hapa na kuanza kusemasema, mwenye kazi ni huyu.

Bakari akasema kwa upole kwamba mimi nimefika leo.

"Alikuwa ananiagiza kwa simu," akasema mjomba.

Akawaambia hiyo kazi haipendi hata kidogo, lakini afadhali mpwa anayekaanga kuliko mpwa anayetangatanga. Kisha akanigeukia.

"Ni kweli au si kweli?"

Wakuu, mikorosho kumi na minne. Na lile pipa la mama.

Nikasema ni kweli. Mikorosho nikakabidhiwa.

Leo ni mwezi wa tano sijaulizia basi. Kila Jumanne nakaanga. Mjomba hupita akitoka kuswali, hunusa kwa mbali, husema "bado" au "toa," na kuendelea na safari yake kama mtu asiyehusika. Kwa Mama Neema nimesharudi mara nyingi, lakini naishia glasi moja, ndogo, na ninakaa nayo.

Nilichojifunza: kinywaji cha ugenini kinywe kigeni hata kama kimepikwa kwenu. Na ukimcheka mnafiki usiyemjua, kwanza uliza anaishi kijiji gani.

Kijiji kizima sasa kinajua kwamba mtu wa bia ni mimi. Kila Ijumaa baada ya swala wananiombea dua niiache kazi hiyo, na nimeambiwa anayeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba.

Je, kuna mdau humu ameonja kitu kikamrudisha kwao kwa nguvu? Mwaga hapa, nitasoma nikimaliza kukaanga.