Nikirudi Tutaongea: Mke Aliyepewa Kazi ya Kufuta Maneno ya Mumewe

Rangi nyeupe imekauka, na maneno bado yanasomeka.

Mama Tutaongea anarudi nyuma kidogo, brashi mkononi, anatazama mlango wa nyuma wa lori. Chini ya weupe mpya herufi zimetokeza kama mishipa ya mkono: NIKIRUDI TUTAONGEA.

"Mama, hii bado," anasema msimamizi wa yadi, kijana mwenye simu mbili. "Tajiri mpya anataka malori yake yawe meupe pee. Hukupiga msasa?"

"Sikupiga."

"Mbona yale mengine yote ulipiga?"

Anafuta brashi kwa kitambaa. Kila mchoraji wa malori anajua kuwa rangi ya zamani ya mafuta ina unene. Usipoisugua kwanza kwa msasa, herufi zitatokeza hata upake mara ngapi.

"Basi piga leo," anasema kijana, sasa kwa upole. "Kesho linaondoka. Likibaki hivi nitaita mtu mwingine, na mimi sitaweza kukuita tena."

Ni kazi pekee aliyonayo. Lori moja humpa chakula cha siku tatu, yeye na binti yake.

Maneno hayo aliyaandika mumewe, miaka kumi iliyopita, katika yadi hiihii. Mume alichora herufi, mke akajaza rangi ndani yake. Lakini maandishi ya mashine yalikuwa yameanza kuwanyang'anya wateja, na asubuhi ile begi la mume lilikuwa tayari. Alikuwa anakwenda mbali kutafuta kibarua. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama, hata meno hajaota.

"Nilikuwa nabwata," anakumbuka. "Utarudi lini? Sisi tutakula nini? Yeye anachora tu. Mwisho akasema, 'Mama, nikirudi tutaongea.' Dereva alikuwa bado hajapata maneno ya kuandikiwa. Alicheka mpaka akakaa chini. 'Hayo hayo, fundi! Niandikie hayo hayo!'"

Mume akaandika, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akapanda lori lilelile. Lori lilirudi baada ya wiki.

Maneno yakaenea. Ilikuwa miaka ya viwanda kufungwa na wanaume kuondoka kwa makundi, na kila aliyekwama nyuma ya lori hilo aliyasoma. Mpangaji akamwambia mwenye nyumba, tutaongea. Mwanafunzi akamwambia mwalimu wa hesabu. Vinyozi wakayabandika kwenye vioo. Hata harusini mshereheshaji akiyataja, ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

"Ukimuuliza jirani mumewe yuko wapi, anakujibu, 'Tutaongea!' Mnacheka. Halafu kila mtu anakwenda kulia kwake," anasema.

Baadaye kicheko kikakauka. Mke aliyeachwa akaanza kuitwa mke wa tutaongea, na yeye, mwenye maneno, akapewa jina lake la sasa. Bombani walimtania: "Mpisheni Mama Tutaongea, huenda leo ndiyo siku ya mazungumzo!" Alicheka nao.

"Ningefanyaje? Maji nilikuwa nayahitaji."

Mwaka wa kwanza mume alipiga simu. Kisha namba ikazimwa. Ilipoita tena, ikapokelewa na mwanamke. "Moyo ukanilipuka. Kumbe laini kainunua dukani, hamjui hata mwenyewe. Mpole kweli. Akanipa pole."

Siku hizi maneno hayo hayasemwi tena. Vijana wana misemo yao, na walioondoka hawaulizwi. Yamebaki hapa tu, nyuma ya lori hili.

"Binti yangu alijifunzia kusoma hapa," anasema akikunja kipande cha msasa. "Sura ya baba yake haijui. Mwandiko anaujua."

Dereva, ambaye sasa ana mvi, ameketi juu ya tairi. Tajiri mpya hamhitaji tena.

"Shemeji, lete nikusaidie."

"Acha."

"Nilimshusha mimi, pale njia panda. Akanipungia mkono. Mpaka leo nikipita pale napunguza mwendo."

"Unapunguza ili iweje?"

"Hata sijui, shemeji."

Mama Tutaongea anaanza kusugua kutokea mwisho wa maneno. Vumbi jeupe linatoka, kisha la manjano, kisha jekundu, rangi aliyoijaza kwa mkono wake mwenyewe. Linamwingia kwenye kope. TUTAONGEA linakwenda lote. Kwa muda linabaki NIKIRUDI peke yake, na dereva anageuza uso. Kisha nalo linakwenda.

Anapitisha kiganja juu ya bati. Ni laini. Anafungua kopo, anapaka.

Msimamizi anakuja, anainama, anatazama kwa pembeni. "Hapo sawa, mama. Asante."

Anapoulizwa sasa atafanya nini, Mama Tutaongea anaosha brashi kwa mafuta ya taa.

"Nikilipwa nitamwita fundi seremala aje aniwekee komeo. Miaka yote hii mlango wangu ni wa kurudishia tu, nalala na roho juu. Nimechoka. Nataka nifunge, nilale."

Na mume akija?

Anakung'uta brashi.

"Atapiga hodi, kama wageni wengine."