Contre-flèche ya Daraja la Nyangezi

Wakati wa vita ya pili, askari waliokuwa wanakimbia walilipua daraja la chuma kwenye barabara ya Nyangezi. Malori ya mihogo yakakwama ng'ambo. Wamama wakawa wanavuka mtoni kwa miguu, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na Bukavu ikala kile ambacho migongo yao iliweza kuleta. Mvua kubwa ilikuwa karibu. Mto ukijaa, hata wao hawatavuka. Ndiyo sababu nilikubali kazi ya kujenga daraja jipya.

Mimi ni soudeur, fundi wa kuchomelea chuma. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primaire, na atelier yangu niliijenga mwenyewe. Sikurithi hata nyundo. Ingénieur, mhandisi aliyelipima daraja, alikuwa kijana anayefundisha chuo kikuu, mwenye adabu. Tulitoa poutre nne, mihimili mirefu ya chuma, katika kiwanda kilichokufa, na uani kwangu tukazipasha kwa chalumeau, moto wa gesi, mpaka kila moja ikapinda kidogo. Namna ya kupinda chuma niliijua. Sababu yake sikuuliza, maana wafanyakazi wangu walikuwa wanasikiliza.

Akachora ubavuni mwa kila poutre mshale mwekundu unaoelekea upande uliovimba, akaniachia karatasi ya maelezo, akaenda kisiwani Idjwi kumwona mama yake mgonjwa. Mashua zikazuiwa, akabaki kule zaidi ya wiki. Sikumngojea. Karatasi ilisema poutre ziwekwe na contre-flèche. Flèche niliijua, ni mshale. Contre niliijua pia, mtu akikukataa yuko contre. Basi ni kinyume cha mshale. Tukazigeuza, tukazilaza juu ya mto, mishale ikatazama maji. Na nikaona iko na akili: hata kitunga hubeba na tumbo chini.

Tulipokaza bulon ya mwisho, mama mmoja aliyekuwa anavuka na mihogo akasimama katikati ya mto, akaangalia juu.

"Papa, daraja yako iko na mimba?"

"Pita, maman. Hii ni kazi ya watu ya kusoma."

"Basi walisoma vibaya."

Ingénieur aliporudi alishuka mpaka ukingoni, akainama kuangalia daraja kwa chini.

"Muzee, nani alikuambia ugeuze?"

"Karatasi yako."

Nikamwonyesha neno kwa kidole. Akaketi juu ya jiwe.

"Flèche ya poutre haiko mushale, Muzee. Ni vile inashuka kama muzigo inapita juu. Contre-flèche, tunaikunja juu mbele ya wakati, ili lori ikipanda, ikuwe sawa."

"Na sasa?"

"Sasa itashuka zaidi. Haitaanguka leo. Lakini maji itasimama katikati, mbao itaoza, bulon italegea. Tunaweza kuiacha. Vita iko, hakuna mutu atakuuliza."

"Maman wa mihogo ameshauliza."

Asubuhi niliwaambia wafanyakazi wangu waziwazi: nimesoma vibaya, tunafungua yote. Mmoja akacheka. Nikampa ufunguo wa bulon ulio mzito kuliko wote. Tulizing'oa mbao, tukalegeza bulon, tukainua poutre moja moja kwa tirfor, winchi ya mkono, na minyororo, tukazigeuza. Siku nne. Kila alasiri mvua ilinyesha, na maji yaliyokuwa magotini yakafika kiunoni. Siku ya tatu wamama hawakuvuka tena. Walikaa ng'ambo juu ya mizigo yao, wanatutazama, na hakuna aliyetutania. Hiyo ilitusukuma kuliko makelele yoyote.

Siku ya tano nilivuta kamba nyembamba chini ya daraja, kutoka ukuta unaolishika upande huu hadi ule wa ng'ambo, ionyeshe mstari ulionyooka, nikasimama mtoni kando yake. Ingénieur alinikataza. Nikamwambia kama itaanguka, ianguke juu ya aliyekosea.

Lori la kwanza lilipanda polepole, limejaa mihogo, wamama wameketi juu ya magunia. Poutre zikalia. Zikashuka, zikaikaribia kamba, zikakaa sawa nayo, zikasimama hapo. Lori likapita, likaendelea kuelekea mjini, na poutre zikarudi juu.

Nikatoka majini, nikaketi karibu na ingénieur.

"Lete ile karatasi," nikasema. "Iko na maneno ingine tatu nilijifanya kujua. Nielezee, na wafanyakazi wasikie."