Sungura wa Kijivu na Wanawe Saba

Mtaani walimwita Fundi Masikio. Mchana alishona viatu, jioni alifuga sungura, na kwa viatu hakuna aliyewahi kumsifu. Alikuwa na sungura kumi na wawili. Ugonjwa wa kuhara ukawafagia kumi na mmoja ndani ya wiki mbili, madume wote wakiwemo, akabaki jike mmoja wa kijivu, mzee, aliyekuwa tayari ana mimba. Huo ndio ungekuwa uzao wake wa mwisho. Watoto wakipona, banda lina uhai. Wasipopona, ufugaji ndio basi.

Akazaa saba, wekundu, macho yamefumba, hawana unyoya hata mmoja. Mama akajinyofoa manyoya ya kifuani, akawafunika ndani ya sanduku la kuzalia, kisha akatoka zake kwenda kutafuna majani. Fundi alifurahi mpaka akasahau kula. Alijua sungura hashindi na wanawe: huwanyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache, basi. Baridi wanakingwa na manyoya, na kwa kulaliana.

Hayo yote hakuwahi kumweleza mkewe. Tangu wamzike mtoto wao wa siku tatu, miaka kumi na tisa iliyopita, mkewe hakutaka kuona kichanga, awe wa mtu au wa mnyama, na bandani hakanyagi. Fundi kwa huruma akafunga mdomo. Huruma nyingine, jamani, ni uvivu tu uliovalishwa nguo nzuri.

Kesho yake aliporudi adhuhuri alimkuta mkewe amesimama bandani. Sanduku lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao kuna mawe mawili.

"Nimemrudisha kwa wanawe," mkewe alisema. "Nilikuja kuchungulia mara moja tu, na tangu asubuhi kawaacha peke yao. Mama gani huyo?"

Fundi aliondoa mawe mbio mbio. Sungura akachomoka kama amefukuzwa. Humo ndani alikuwa amehangaika kutafuta pa kutokea, akipiga mateke na kuwakanyaga wanawe. Sita walikuwa wamekufa. Wa saba alipumua kwa shida, ubavu umebonyea.

Fundi aligeuka ili akaripie. Amkaripie nani? Maneno machache yangetosha, na alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuyasema. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwa nyumba hii, ndiye mjukuu pekee waliyempata.

Mkewe alimwinua yule wa saba kwa viganja viwili, akamtia kifuani ndani ya nguo.

"Huyu atapona, mume wangu?"

"Atapona," alisema Fundi, akijua jioni hafiki.

Mkewe akaketi chini pale pale, akaanza kumbembeleza kwa sauti ambayo Fundi alikuwa ameisahau. Fundi akachukua jembe, akaenda nyuma ya banda. Alichimba shimo la kuwatosha saba.