Shangazi Aliyeingiza Moja

Ile kazi niliitaka mpaka roho inauma, nisidanganye. Ilikuwa ya kuandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya mjini, na uzuri wake ni kwamba ungeifanyia popote penye mtandao. Kwangu mimi popote ni Rugera, nyumbani kwa mama, ambaye sukari imemmaliza nguvu za miguu na lazima awepo wa kumpeleka kliniki Kayanga. Ningeikosa, ningerudi Dar es Salaam kuuza duka la watu. Mama hakuwahi kuniambia nibaki. Nilitamani aseme, hakusema.

Mtihani wao ulikuwa huu: andika programu inayopokea namba na kujibu kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikacheka. Hayo si mambo ya darasani? Nikaandika, nikatuma, ikarudi na jibu kwamba imefeli. Imefeli kwa namba zipi, hawasemi ng'o. Nikabakiwa na nafasi moja tu, mwisho Jumatatu asubuhi.

Nikaijaribu kwa namba ndefu ndefu, zote sawa. Wageni waliokuja kumjulia hali mama baada ya ibada ya Jumapili nikawa nawasogezea kompyuta, hebu nisaidie, ingiza namba yoyote unayotaka. Hapo ndipo adabu yetu iliponiponza. Huku kwetu ukiandaliwa matoke ukamega kidogo, umemdharau mwenye nyumba. Basi kila mgeni akaniheshimu kwa namba kubwa. Mwinjilisti aliingiza namba yake ya simu. Jirani yetu akaingiza ya mkwewe, nadhani yake mwenyewe aliiona haina hadhi. Programu ikajibu vizuri kila mara, wakanipongeza, wakatafuna punje zao za kahawa kavu, wakaaga. Mimi nikabaki na hasira zangu, maana kitu kinachosifiwa na kila mtu utakirekebisha wapi?

Mchana akashuka kwenye bodaboda shangazi yangu, dada wa marehemu baba, kutoka Nyakasimbi. Huyu adabu za wageni hazimhusu. Anasema anachokiona, na anaona kila kitu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Mtu akipita atadhani mama yako ndiye anayekuuguza."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamsogezea shangazi kompyuta kama nilivyowafanyia wenzake. Akaitazama kwa jicho la upande.

"Mimi mgongo unaniuma, siwezi kukaa hapa kubonyezabonyeza," akasema. Akabonyeza moja, moja tupu, akagonga kitufe nilichomwonyesha, akanirudishia. "Haya, imesemaje?"

"Imesema ni tasa."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikaanza kumweleza kwa madaha ya mwalimu. Ni namba, shangazi, inayogawanyika kwa namba mbili tu, kwa moja na kwa... Moja inagawanyika kwa moja, basi, hakuna ya pili. Moja si tasa, hata mtoto wa sekondari anajua.

Sikumaliza maelezo. Nikaivuta kompyuta nikaingiza sifuri, ikasema tasa. Nikaingiza mbili, ambayo ni tasa kweli, ikakataa. Kumbe programu yangu ilikuwa inaanza kujaribu kugawa kwa mbili kwenda juu. Ikipewa sifuri au moja haikupata cha kuzigawa, ikazipitisha tu. Na mwisho wa kujaribu, ambao hutakiwa kuwa kipeuo cha pili cha namba, niliuweka hatua moja mbele, kwa hiyo mbili ikajikuta inagawanywa kwa mbili yenyewe, ikahukumiwa. Namba kubwa hazikudhurika, ndiyo maana heshima za wageni hazikugundua kitu. Marekebisho yalikuwa mistari miwili, nikatuma, shangazi akiwa bado anapuliza chai yake.

"Asante sana, shangazi. Asante kweli."

"Asante ya nini? Sijafanya kitu."

Nikamshika mikono nikapiga goti, na akaniacha hivyo muda, jambo ambalo si kawaida yake. Mpaka leo nikiomba, jina lake linatangulia.

Jibu lilikuja katikati ya wiki, nimefaulu. Nilimkuta mama uani, amenyoosha miguu kwenye mkeka.

"Mama, nimepata ile kazi. Siendi tena."

Akanituma nikamletee kopo lililoko uvunguni mwa kitanda chake. Lilikuwa zito, mdomo umefungwa kwa kitambaa safi. Ndani mlijaa senene, wale panzi wa kwetu, wamekaangwa wakakauka kabisa, vile anavyokaangiwa mtu anayekwenda mbali. Kumbe alikuwa ameshaniandalia safari, peke yake, na miguu ile.

Akakifungua kitambaa, akachota kiganja kizima, akaanza kutafuna.

"Kaa tule," akasema.